Yaliyomwagika Hayazoleki: Deni la Mafuta Baharini

Mtu akimvunjia jirani yake mtungi, wajibu wake ni wazi: akiri, aombe radhi, alipe mtungi. Hakuna mzee wa baraza atakayeumwa kichwa kwa shauri kama hilo. Akiacha ng'ombe wake usiku wakaingia shambani mwa mwenziwe, hesabu yazidi ugumu kidogo, lakini bado yawezekana: mahindi yalikuwa mistari mingapi, na mavuno yangalikuwa magunia mangapi. Lakini mtu akiharibu kitu ambacho si cha mtu mmoja, kitu kisichopimwa kwa gunia wala kwa debe, ambacho hata wasiozaliwa bado wana fungu lao ndani yake, je, deni lake ni kiasi gani? Atamlipa nani? Naye atajuaje ya kwamba amekwisha kulipa?

Swali hili twaliuliza leo kwa ajili ya bahari. Wasomaji wetu wengi wakaa mbali na pwani, na pengine watasema kuwa habari za mafuta yamwagikayo baharini ni shauri la mabaharia na wavuvi. Sivyo. Mafuta hayo huchimbwa na kusafirishwa kwa ajili yetu sote, ili basi litufikishe sokoni, ili taa iwake, ili mashine ya kusaga isizimike. Anayetumia faida ya kazi hana haki ya kuyafumba macho yake asione hatari yake. Tena katika jambo hili mna fundisho la maadili lifaalo kila nyumba, ya pwani na ya bara, juu ya namna mtu apaswavyo kutengeneza alichokiharibu. Tutalitazama kwa mfano mmoja wa kweli, ambao habari zake zimechunguzwa kwa miaka mingi.

MELI NA MWAMBA

Siku ya Jumamosi, tarehe 18 Machi 1967, mkesha wa Jumapili ya Matawi, meli ya mafuta iitwayo Torrey Canyon ilikuwa ikielekea bandari ya Milford Haven, katika nchi ya Wales. Ilikuwa mojawapo ya meli kubwa kabisa za siku zile, yenye urefu wa karibu meta 300, nayo ilipakia tani zipatazo 119,000 za mafuta ghafi kutoka Kuwait. Hali ya hewa ilikuwa njema. Nahodha wake, Mwitalia Pastrengo Rugiati, alisumbuliwa na jambo moja: asipoyawahi maji makuu ya usiku ule, meli yake nzito isingeweza kuingia bandarini, nayo ingalilazimika kungoja nje siku kadhaa, na kungoja ni gharama. Basi, badala ya kuvizunguka visiwa vya Scilly kwa mbali, akaamua kupita kati ya visiwa hivyo na pwani ya Cornwall, upande wa kusini-magharibi ya Uingereza. Boti za wavuvi zikamzuia kugeuka kwa wakati. Asubuhi ile ile meli ikapanda juu ya miamba iitwayo Seven Stones, ambayo mabaharia wote waijua, tena imeonyeshwa wazi katika ramani zao.

Juma Takatifu lote watu walijaribu kuivuta meli itoke mwambani. Mlipuko ukatokea ndani yake, na mmoja wa wakuu wa waokoaji akapoteza maisha yake. Siku ya Pasaka, tarehe 26 Machi, meli ikavunjika. Tangu tarehe 28 ndege za kijeshi za Uingereza zikaipiga kwa mabomu ili kuyachoma mafuta yaliyosalia ndani. Lakini sehemu kubwa ilikuwa imekwisha kutoka. Upepo na mikondo ya bahari vikayasukuma mafuta hayo hata pwani ya Cornwall, yakachafua kama kilometa 190 za ufuko wake. Mengine yakaenda kusini mpaka kisiwa cha Guernsey, na mengine yakavuka mpaka Brittany, nchini Ufaransa.

Yafaa tueleze kwa ufupi mambo yafanywayo na mafuta ghafi yakifika majini, maana bila kuyajua hayo hatutalielewa kosa lililofuata. Mafuta hayo si kitu kimoja. Sehemu zake nyepesi, ambazo ndizo zenye sumu kali zaidi, hupaa hewani katika siku za kwanza. Zilizobaki hupigwa na mawimbi, zikachanganyika na maji ya bahari, zikawa kitu kizito cha rangi ya kahawia, mfano wa uji ulioganda, chenye wingi kupita mafuta yaliyomwagika. Baadaye hugeuka kuwa madonge ya lami.

Ndege wa bahari ndio waumiao kwanza. Manyoya ya ndege huyo yamepangwa hivi kwamba maji hayapenyi, na hewa iliyo chini yake humtia joto. Mafuta yakiyashika, mpango huo huvunjika. Maji baridi humfikia mwilini, naye hujaribu kujisafisha kwa mdomo wake, na kwa kufanya hivyo ayameza mafuta. Hufa kwa baridi, au kwa njaa, au kwa sumu. Katika ajali hii ndege waliokufa wakadiriwa kuwa zaidi ya 15,000. Watu wenye huruma waliwaokota maelfu wangali hai, wakawaosha kwa mikono yao; waliopona walikuwa wachache mno.

Ufuko nao huumia kwa kadiri ya umbo lake. Mwamba ulio wazi, upigwao na mawimbi mchana na usiku, husafishwa na bahari yenyewe kwa muda. Lakini katika hori iliyotulia, au penye tope na mimea ya maji chumvi kama mikoko yetu, mafuta huzama chini, na huko yaweza kukaa miaka mingi. Kwa kuwa vijidudu vilavyo mafuta vyahitaji hewa, na ndani ya tope hewa ni haba.

SABUNI

Hapa ndipo twafika penye kiini cha habari. Siku za likizo zilikuwa zikikaribia, na watu wengi wa Cornwall huishi kwa wageni wanaokuja kuogelea na kupunga upepo. Ufuko mweusi ulimaanisha nyumba za wageni tupu na familia bila riziki. Serikali ilitakiwa ionekane inafanya kazi. Basi askari, wazima moto na watu wa kujitolea wakapelekwa pwani na mapipa ya dawa za sabuni, zile zilizokuwa zikitumiwa viwandani na melini kuondolea grisi. Wakazimwaga juu ya miamba na mchanga, na nyingine zikanyunyizwa baharini kutoka melini. Kwa jumla zilitumika kama tani 10,000.

Machoni mwa watu kazi ilionekana kufaulu. Mwamba uliokuwa mweusi uling'aa. Maji yakawa meupe kama maziwa. Lakini mafuta hayakuwa yameondoka: yalikuwa yamevunjwa vipande vidogo sana tu, yakaingia ndani ya maji na kushuka chini ya mchanga kuliko awali. Tena dawa yenyewe, na hasa kitu kilichotiwa ndani yake ili kuyayeyusha mafuta, ilikuwa sumu kwa viumbe vya pwani kupita mafuta yaliyokwisha kukaa siku kadhaa juani.

Wataalamu wa maabara ya bahari iliyo Plymouth waliziweka kando kazi zao nyingine wakaja kuchunguza. Taarifa yao ilitolewa mwaka 1968. Waliona ya kuwa penye mafuta bila dawa, viumbe wengi wa mwambani walikuwa bado hai. Penye dawa walikuwa wamekufa. Kati yao alikuwamo kiumbe mmoja mdogo ambaye mpita njia hamwangalii mara mbili: konokono wa mwambani, mwenye gamba moja lililochongoka mfano wa pia, ambaye hung'ang'ania jiwe hata kisu chashindwa kumbandua. Kazi yake ni moja tu. Maji yakijaa, hutambaa polepole akila mwani mchanga unaochipuka juu ya jiwe. Kisha hurudi mahali pake.

Huyu akafa, na tazameni yaliyofuata. Kwa kuwa hakuwapo wa kuula mwani, katika miezi michache miamba ikafunikwa na mwani wa kijani, kama shamba lililoachwa. Kisha ukaja mwani mkubwa wa kahawia, ukasongamana kila mahali, ukawanyima nafasi viumbe vingine. Chini ya kivuli chake konokono wachanga wakazaliwa kwa wingi usio wa kawaida. Walipokua wakaumaliza mwani wote, wakashikwa na njaa, wakayaacha makao yao, wakafa kwa makundi. Mambo yakawa yakipanda na kushuka hivyo kama homa. Wachunguzi waliokuwa wakirudi pale mwaka baada ya mwaka walihesabu ya kwamba sehemu zilizomwagiwa dawa kwa wingi zilichukua miaka kumi na zaidi, na nyingine kama 15, kabla hazijarudia utaratibu wake.

Na je, mahali ambapo dawa haikutumiwa? Katika pwani ile ile pana mahali paitwapo Godrevy. Kwa hofu ya kuwadhuru sili waliokaa pale, watu waliacha kumwaga dawa. Mafuta yalikaa juu ya miamba, yakichukiza macho. Konokono wa mwambani wakaendelea na kazi yao, wakiyala mafuta pamoja na mwani na kuyatoa. Baada ya miaka miwili au mitatu, mwamba ulikuwa umepona.

Miaka miwili au mitatu penye uchafu ulioachwa. Miaka kumi hata 15 penye usafi wa haraka. Hiyo ndiyo hesabu ambayo kila mtu mwenye dhamiri yafaa aitafakari.

USAFI WA MACHO

Pengine msomaji atatujibu: "Je, mwataka watu wakae mikono kifuani, wakitazama? Kutenda si bora kuliko kutotenda?" Jibu hilo lina nguvu, nasi hatutalipuuza. Wale askari walifanya kazi ngumu kwa moyo mwema. Wengi hawakujua ya kuwa dawa ile yaua. Wenye nyumba za wageni hawakuwa waroho. Walikuwa baba na mama wenye watoto wa kulisha. Asiyejua, ambaye hakuwa na njia ya kujua, hahukumiwi sawa na ajuaye.

Hata hivyo yatupasa kutofautisha mambo mawili ambayo mara nyingi huvaa nguo moja. Liko tendo lifanywalo kwa ajili ya yule aliyeumizwa. Liko pia tendo lifanywalo ili aliyeumiza, au aliye na daraka, aache kuuona ubaya uliotokea. La kwanza huuliza: "Huyu aliyeumia ahitaji nini?" La pili huuliza: "Lini jambo hili litaondoka mbele ya macho yangu?" La kwanza laweza kwenda polepole, hata kungoja, kwa kuwa lamtazama mgonjwa. La pili haliwezi kungoja, kwa kuwa lajitazama lenyewe.

Twayajua hayo majumbani mwetu. Baba aliyempiga mtoto wake kwa hasira pasipo haki, kisha jioni akamnunulia andazi, na hakusema neno, ameusafisha ufuko kwa sabuni. Mtoto atalila andazi, na uso wake utang'aa. Lakini lililoingia ndani limeshuka chini ya mchanga. Karani aliyeiba fedha za chama, naye akatoa mchango mkubwa hadharani siku ya harambee, amefanya vivyo hivyo. Mahali pote pawili lipo tendo, tena tendo lionekanalo. Lakini aliyedhulumiwa hajaulizwa neno.

Busara, ambayo wahenga wa maadili waliihesabu kuwa ya kwanza kati ya fadhila kuu nne, si woga wala uvivu. Ni kuliona jambo kama lilivyo kabla ya kulitenda. Asiyelijua jambo kama lilivyo hawezi kulitengeneza, hata moyo wake uwe mwema namna gani. Kwa hiyo kuuliza, kupima na kuwasikiliza wajuao si kuchelewesha haki. Ni sehemu ya haki yenyewe.

Wala tusiitwae Godrevy kuwa sheria ya kwamba dawa ya kila dhara ni kuliacha. Kule Brittany, ambako wengi huishi kwa chaza na samaki, Wafaransa hawakupenda kuzitumia dawa zile pwani mwao. Walitumia mabua, machujo ya mbao, ndoo na majembe, wakayachota mafuta kwa mikono. Kazi ya jasho na ya aibu, lakini kazi iliyoyaondoa mafuta badala ya kuyaficha. Guernsey nako waliyakusanya, wakayamimina ndani ya machimbo ya mawe yaliyoachwa. Ufuko ulisafika, lakini machimbo yale yalibaki na mafuta kwa miongo mingi, na ndege waliotua juu yake wakiyadhania kuwa maji walikufa humo. Basi hata kuhamisha uchafu si kuuondoa. Mzigo utolewao mgongoni mwa mmoja ukatwikwa mwingine ungali mzigo.

Dawa zilizotengenezwa baada ya mwaka 1967 zina sumu ndogo kuliko zile za kwanza. Lakini swali lenyewe halikuisha. Mwaka 2010, kisima cha mafuta kilipopasuka katika Ghuba ya Mexico, chini ya mtambo uitwao Deepwater Horizon, watu 11 walikufa, na mafuta yalibubujika siku 87. Karibu lita milioni 7 za dawa zilimwagwa baharini, na wataalamu wakabishana kama zilipunguza dhara au zililizamisha tu mahali pasipoonekana. Miaka 43 ilikuwa imepita tangu Cornwall, na mwanadamu alikuwa bado akijiuliza swali lile lile: nasafisha, ama naficha?

DOLA 50

Turudi sasa kwenye swali la deni. Nani aliyepaswa kulipa kwa ajili ya Torrey Canyon? Meli ilipeperusha bendera ya Liberia. Mwenyewe alikuwa kampuni yenye makao Bermuda, iliyofungamana na kampuni ya Marekani. Ilikodiwa na kampuni ya Uingereza. Mabaharia walikuwa Waitalia. Mafuta yalitoka Kuwait. Waliodhurika walikuwa Waingereza na Wafaransa, tena kwenye maji ambayo wakati ule hayakuwa chini ya serikali yo yote.

Wenye meli walishika sheria ya Marekani iliyosema kwamba deni la mwenye meli halizidi thamani ya kile kilichosalia cha meli yake baada ya ajali. Na nini kilichosalia? Mashua moja ya kuokolea watu. Thamani yake ilikuwa dola 50.

Hebu tuifikiri hesabu hiyo. Kilometa 190 za ufuko, maelfu ya ndege, wavuvi wa nchi mbili, miaka 15 ya mwamba: dola 50. Wala aliyeisema hakuvunja sheria. Aliisoma kama ilivyoandikwa. Ndiyo maana twasema daima kuwa sheria na haki ni ndugu, lakini si mtu mmoja. Sheria ile ilitungwa kwa nia ya kumkinga mfanyabiashara ambaye bahari imemnyang'anya chombo chake. Haikumfikiri yule ambaye chombo chake kimeinyang'anya bahari.

Uingereza haikukubali. Mwezi wa Julai 1967 meli nyingine ya kampuni ile ile, iitwayo Lake Palourde, ilipotia nanga Singapore, mwanasheria alipanda akabandika hati ya kuikamata. Ufaransa nayo ikaisaka. Mwishowe, mwaka 1969, wenye meli walilipa pauni milioni 3, zikagawanywa sawa kati ya nchi hizo mbili. Mwaka huo huo mataifa yalikutana Brussels yakafanya mapatano kwamba mwenye meli ya mafuta awajibike kwa dhara la mafuta yake, pasipo kumlazimisha mvuvi athibitishe kwanza ni nani aliyekosa, na kwamba awe na bima ya kulipia. Mwaka 1971 likafuata patano la mfuko wa fidia, ambamo wapokeao mafuta nao walitakiwa kuchangia. Twayasifu mapatano hayo. Yamewafikishia fidia wengi ambao zamani wangalipewa nauli ya kurudi kwao tu.

Lakini bado fidia si ukamilifu wa malipo. Mvuvi aweza kulipwa nyavu zake na siku alizokaa bila kuvua. Mwenye nyumba ya wageni aweza kulipwa vitanda vilivyobaki vitupu. Nani atampokelea konokono wa mwambani malipo yake? Nani atatia sahihi kwa niaba ya mtoto atakayezaliwa baada ya miaka mitano, aupate ufuko uliokufa, asijue kamwe kuwa ulikuwa hai? Siku ile ile meli ilipovunjika, Pasaka ya mwaka 1967, ndiyo tarehe iliyotiwa katika waraka wa Baba Mtakatifu Paulo VI, Populorum Progressio, ambao wafundisha kwamba mali ya dunia imewekwa kwa ajili ya watu wote. Kama ni hivyo, aiharibuye bahari hamkosei mvuvi wa leo peke yake.

Na kwa kuwa deni hilo haliwezi kulipwa lote, twafikia neno ambalo kwetu ndilo kuu. Pale ambapo malipo yawezekana, tahadhari ni jambo la akili njema. Pale ambapo malipo hayawezekani, tahadhari huwa jambo la haki. Avunjaye mtungi aweza kununua mwingine. Kwa hiyo uzembe wake ni mdogo. Lakini aushikaye usukani wa tani 119,000, akijua ya kuwa zikimwagika hakuna awezaye kuzizoa, hana ruhusa ya kuwa na haraka. Haraka yake ni udhalimu hata kabla meli haijagusa mwamba.

Tena tusimtupie nahodha yote. Ni kweli kwamba alikosa, na lawama ilimwangukia. Lakini nani aliyemfundisha kuona siku chache za kungoja kuwa msiba? Yule aliyepanga ratiba isiyo na nafasi ya busara, yule aliyetafuta bendera nafuu ya kuandikishia meli, na hata mnunuzi atakaye mafuta ya bei rahisi bila kuuliza yamefikaje, kila mmoja aliuweka mkono wake kidogo juu ya usukani ule. Dhara kubwa za zama zetu mara nyingi hutendwa hivyo: na wengi, kidogo kidogo, kila mmoja akijiona hana hatia.

PWANI YETU

Habari hizi si za ng'ambo tu. Tarehe 25 Julai 2020, meli iitwayo Wakashio ilipanda juu ya miamba ya kisiwa cha Mauritius, katika Bahari yetu ya Hindi. Haikuwa meli ya mafuta. Ilikuwa na mafuta ya mitambo yake yenyewe tu. Nayo ilikuwa imesogea karibu na nchi ili mabaharia wapate mawasiliano ya simu. Tangu tarehe 6 Agosti kama tani 1,000 zikamwagika karibu na matumbawe na mikoko. Watu wa kisiwa kile hawakungoja. Walishona magunia marefu, wakayajaza majani makavu ya miwa, wakayatandaza baharini ili yayazuie mafuta na kuyanyonya. Wengine walikata nywele zao zitumiwe kazi hiyo. Huko nako kutenda kulikuwa kwa haraka. Lakini ilikuwa haraka ya kumkinga aliyeumia, si ya kufuta aibu. Tofauti hiyo ndiyo tuliyoitafuta tangu mwanzo.

Kwa upande wetu, bomba la mafuta ghafi la Afrika ya Mashariki, lenye urefu wa kilometa 1,443, limepangwa kutoka Hoima, Uganda, mpaka rasi ya Chongoleani karibu na mji wa Tanga, ambapo mafuta hupangwa kupakiwa katika meli kubwa. Jirani na hapo pana mikoko, pana matumbawe, pana wavuvi wa ngalawa, tena pana hifadhi ya bahari iliyowekwa kwa ajili ya silikanti, yule samaki wa kale ambaye wataalamu walimdhania kuwa alikwisha toweka duniani. Hatusemi kwamba nchi zetu zikatae utajiri uliomo ardhini mwake. Watoto wetu wahitaji shule na hospitali, na umaskini nao huharibu. Twasema tu kwamba wakati wa kuuliza maswali ni kabla ya meli ya kwanza kupakia. Nani atalizuia dhara likitokea, kwa vyombo gani, na kwa muda wa saa ngapi? Dawa gani itakatazwa karibu na mikoko? Mvuvi wa Chongoleani atasikilizwa na nani? Mzee ambaye ameisoma mikondo ya pale kwa miaka hamsini ajua mafuta yatakwenda wapi wakati wa kusi na wapi wakati wa kaskazi. Maarifa hayo hayauzwi dukani.

Wahenga wetu walisema kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Hawakusema hivyo ili mwenye kumwaga akate tamaa. Walisema ili mbeba mtungi aangalie hatua zake. Basi kila mmoja wetu aubebe wake kwa namna hiyo, awe mkubwa wa kampuni, awe nahodha, awe baba au mama nyumbani. Na ikiwa umekwisha kumwagika, tusikimbilie sabuni. Tuiname kwanza tumtazame aliyelowa, tumwulize anahitaji nini, kisha tuanze kuchota, kwa mikono yetu wenyewe, hata kazi ikichukua miaka.